Toyota 110 ya anko ilipanda daino, na namba hazikudanganya

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: farasi wengi mnaowataja hapa mtandaoni hawapo. Mtu ana Subaru ya 2003, ameweka ekzosi ya kelele, na chini ya picha ameandika farasi 320. Ukimuuliza ilipimwa wapi, anakutumia video ya gari ikinguruma. Sasa mngurumo umekuwa kipimo?

Kipimo ni dainamomita, ama daino kama tunavyoiita. Gari inapandishwa magurudumu yakae juu ya rola nzito za chuma, inafungwa na mikanda ili isiruke ikuue, feni kubwa inawekwa mbele ya rejeta, halafu dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho akiwa gia moja tu, mara nyingi ya nne. Uzito wa zile rola unajulikana. Kompyuta inaangalia zimeongeza mwendo haraka kiasi gani, na hapo inajua nguvu iliyofika kwenye magurudumu. Ikijua pia injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, inapata torki, yaani ile nguvu ya kusokota. Hesabu yenyewe ni fupi: torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Hii fomula niliandikiwa ubaoni chuo, kabla karo inishinde nikaacha uhandisi mwaka wa pili. Mashine ya kupimia injini ilikuwa kwenye maabara, imefunikwa turubai. Sikuwahi kuiona ikiwashwa hata siku moja.

Torki ndiyo watu hawaipi heshima. Farasi wanauza gari, lakini ukiwa umebeba mzigo kwenye mlima, injini inazunguka 3,000, kinachokusukuma pale ni torki iliyoko pale pale chini, si farasi walio juu kule 5,600.

Na anko wangu anajua mlima. Ana Toyota 110 ya 1998, ya gia za mkono, injini ya 5A-FE, lita 1.5. Anatoa vitunguu Naivasha, anapitia Mai Mahiu, anapandisha ule ukuta wote mpaka Limuru. Mwaka huu gari ilianza kumchosha. Inalia lakini haiendi. Fundi wake akaisikiliza, akatingisha kichwa, akasema injini imekufa, watafute nyingine ya mtumba kutoka Japani. Bei aliyotaja ilikuwa karibu akiba yote ya anko, na kwenye hiyo akiba kuna karo ya binti yake wa Form Three.

Nikamwambia, "Anko, kabla utoe hiyo pesa, tuipime kwanza." Akaniangalia. "Kijana, hii ni gari ya vitunguu. Unataka kuipeleka mashindano?" Lakini alikuja. Nililipa na pesa ya video mbili. Pale gereji tulikuwa katikati ya Subaru na Evo, na bado kulikuwa na harufu ya vitunguu kwenye buti. Vijana walicheka kidogo. Anko hakuwajali, alikuwa ameshika ule mkanda akiuvuta kuona kama umekaza.

Mbio ya kwanza: farasi 51 kwenye magurudumu. Anko akanyamaza. Lakini namba moja haitoshi, lazima uangalie mchoro. Torki ilipanda vizuri kabisa mpaka karibu 4,000, halafu ikaanguka ghafla, na pale pale mizunguko ya injini ikaruka juu huku rola zikibaki na mwendo ule ule. Injini inakimbia, gurudumu halina habari. Hiyo ni klachi inateleza, na imeanza kuteleza mahali ambapo 110 inatoa torki yake kubwa zaidi. Kwenye mlima wenye mzigo ni hivyo hivyo, ndio maana alikuwa anasikia kelele bila mwendo.

Tukabadilisha klachi. Gharama haikufika robo ya ile injini. Tukarudi wiki iliyofuata, mashine ile ile, gia ile ile, upepo wa tairi ule ule: farasi 67, na mstari wa torki umenyooka bila shimo.

Najua mtu ataandika hapa chini, "67 tu? Toyota wanasema 100." Sawa, tuhesabu. Ile 100 ni ya Japani, inapimwa kwenye injini yenyewe, na hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 17 kabla hata hujakanyaga mafuta. Halafu giaboksi, shafti na tairi zinakula zao. Wengi hukadiria asilimia 15, ingawa hayo ni makadirio tu. Toa zote mbili kwa 100, unabaki na kama 70 au 71. Gari ya 1998 iliyobeba vitunguu miaka yote hii ina 67. Hiyo injini eti imekufa?

Ndio maana ukionyeshwa karatasi ya daino, uliza kama namba zimesahihishwa kwa hewa ya bahari, kwa sababu programu inaweza kuongeza ile asilimia ya Nairobi ukadhani umefunguliwa kiwanda. Uliza pia ni farasi wa magurudumu ama wa injini. Na mtu akitaka kukuuzia tuning, mwambie apime kabla na baada, mashine moja, siku moja. Akikasirika, mfuko wako urudi nao nyumbani.

Karatasi ya 67 sasa iko ndani ya dashibodi ya ile 110, imekunjwa pamoja na logbuku. Fundi wa injini amempigia anko mara mbili akiuliza kama pesa imepatikana. Binti amerudi shule Jumatatu.