Divai Nyekundu ya Inchi ya Makaa

Wengi wetu neno divai tunalisikia kanisani, ao tunaona chupa yake ku meza ya arusi ya watu wenye franga. Namna gani inatoka mu udongo, na nani anailima, hatuulizi. Leo twende pamoja mu Italia, lakini si ku Roma. Twende ku kisiwa cha Sardinia, upande wa kusini-magharibi, mu eneo wanaloita Sulcis. Ninalichagua kwa sababu watu wa kule ni ndugu zetu wa kazi: ni watu wa machimbo, na leo wengi wao ni wajukuu wa machimbo yaliyofungwa.

Ukitoka Cagliari, mji mukubwa wa kisiwa, unasafiri karibu kilometa 70 na unafika Carbonia. Jina linasema yote: ni mji wa makaa. Serikali ya Mussolini iliujenga juu ya makaa ya mawe na ikaufungua tarehe 18 Desemba 1938. Nyumba za wafanyakazi kwa mistari, nyumba ya direkta pembeni, kanisa, uwanja mupana katikati: mutu wa Likasi ao wa Kolwezi akitembea pale hatapotea. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka pande zote za Sardinia, wengine hata Sicilia na Veneto. Mu miaka ya 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 40,000.

Lakini makaa ya Sulcis yako na salfa mingi, si makaa ya muzuri sana. Kiisha vita, makaa ya inje yaliingia kwa bei ya chini. Shimo kubwa la Serbariu lilisimama mwaka 1964. Leo limekuwa makumbusho, tangu 2006, na Carbonia iko na watu karibu 26,000 tu. Ndani ya kisiwa kile kile, ku Buggerru, walichimba risasi na zinki. Ni pale tarehe 4 Septemba 1904 wafanyakazi walikataa kupunguziwa saa ya kupumzika, askari wakawapiga bunduki. Watatu walikufa, na mu mwezi ule ule mugomo wa kwanza wa Italia nzima ulianza.

Kazi ilipopunguka, vijana waliondoka. Wengi walikwenda Ubelgiji, ule ule uliokuwa unatawala Kongo wakati ule, kwa sababu mwaka 1946 serikali mbili zilipatana: Italia inatoa mikono, Ubelgiji unatoa makaa. Ku Marcinelle, tarehe 8 Agosti 1956, moto ndani ya shimo uliua watu 262. 136 kati yao walikuwa Waitalia. Machimbo ya mwisho ya makaa ya Sulcis, ku Nuraxi Figus, yaliendelea na shida mingi. Mwezi wa Agosti 2012 wafanyakazi walijifungia karibu mita 400 chini ya udongo, pamoja na baruti, wakisema hawatatoka bila kupata jibu. Hata vile, kuchimba makaa kuliisha mwaka 2018. Kiwanda cha alumini cha Portovesme, kule karibu, kilikuwa kimesimama tangu 2012.

Basi, divai iko wapi mu habari hii? Iko pembeni ya mashimo, tangu zamani, bila mutu kuipigia kelele.

Zabibu ya Sulcis inaitwa Carignano. Wengine wanapenda kusema Wafoinike ndio walioileta, wale wafanyabiashara wa bahari waliojenga mji ku kisiwa cha Sant'Antioco karibu miaka 2,800 iliyopita. Ni hadithi ya kupendeza. Wenye kujua miti wanasema ilitoka zaidi Hispania, upande wa Aragon. Inaiva pole pole, mwisho wa Septemba ao Oktoba, na inapenda jua kali na upepo wa chumvi. Watu wanaikata chini kabisa, sawa kichaka kidogo, juu upepo usiivunje. Hakuna waya, hakuna nguzo. Kwa hiyo hakuna mashini inayoweza kupita ndani: kila kitu ni mikono na mugongo.

Hapa kuko jambo la kushangaza. Mu miaka ya 1860 muduudu mudogo mwenye jina filoksera alitoka Amerika, akaanza kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Aliharibu karibu yote. Dawa iliyopatikana ni kuunganisha: unachukua mzizi wa muzabibu wa Amerika, ambao muduudu haushindi, na juu yake unafunga tawi la muzabibu wa Ulaya. Leo karibu mizabibu yote ya Ulaya inasimama ku miguu ya kigeni. Lakini mu muchanga wa Sulcis, zaidi ku Sant'Antioco, yule muduudu hawezi kutembea. Muchanga unafunga njia zake. Njo maana pale kungali mizabibu ya wazee inayosimama ku miguu yake yenyewe. Na ukitaka kuongeza mumoja, hauhitaji duka. Unakunja tawi la jirani yake, unalifukia mu muchanga, linatoa mizizi. Mama yeyote anayepanda muhogo nyuma ya lupango atafahamu mara moja: ni kipande cha muti ule ule kinachoendelea kuishi.

Zamani divai ya Carignano haikuwa na heshima. Ilikuwa nzito, yenye nguvu, na wafanyabiashara waliipakia bila chupa, bila jina, wakaipeleka mbali kuchanganya na divai zingine zilizokosa rangi. Mukulima alipata kidogo. Mutu wa inchi ya madini anajua biashara ya namna hii: kitu kinatoka kwenu kibichi, na jina kinalipata kule mbele.

Mwaka 1960 wakulima wa kijiji cha Santadi walifanya koperative. Mwaka 1976 Antonello Pilloni akawa presidenti wake, akaiongoza miaka mingi. Yeye na wenzake walimwita Giacomo Tachis, fundi wa divai mwenye sifa kuliko wote mu Italia, mutu wa Piemonte aliyefanya kazi ku Toscana na aliyesaidia kufanya Sassicaia, divai inayojulikana dunia nzima. Tachis aliona zabibu hii ya muchanga na akaipenda. Hakuwaambia waing'oe na kupanda ya Wafaransa. Aliwaambia wavune kidogo, wangojee iive kabisa, kiisha waiweke mu mapipa madogo ya muti wa mwaloni. Mwaka 1984 zabibu zao zilitoa Terre Brune, maana yake udongo wa kahawia, na jina Sulcis lilianza kuandikwa ku chupa za bei.

Ni vizuri kukumbuka kwamba mu miaka ile ile Soko la Pamoja la Ulaya lilikuwa linalipa wakulima wang'oe mizabibu, kwa sababu divai ilizidi mu Ulaya. Mu Sardinia wengi walikubali zile franga. Mimi siwalaumu: muzee ambaye watoto wake wako Torino ao Ujerumani, nani atamukatia matawi?

Mwaka 2002 ikazaliwa kampuni changa, Agricola Punica. Waliiungana watu wa Santadi, watu wa Sassicaia kutoka Toscana, na Tachis mwenyewe. Jina Punica linakumbusha watu wa Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, mu Tunisia ya leo, waliotawala pwani hii mbele ya Waroma. Mashamba yake yako mahali pawili. Moja ni Barrua, karibu na Santadi. Lingine ni Narcao, na Narcao pia ni jina la machimbo: kule kuko Rosas, kijiji cha wachimbaji ambacho leo watu wanakwenda kukitembelea sawa makumbusho.

Divai yao ya kwanza inaitwa Barrua, nyekundu sana, karibu nyeusi. Sehemu 85 kwa mia ni Carignano. Zingine 15 ni Cabernet Sauvignon na Merlot, zabibu za Ufaransa. Munkoyo wetu tunaungojea usiku mumoja. Barrua inalala miezi 18 ndani ya mapipa, kiisha inapumzika tena mu chupa mbele ya kuuzwa. Wenye kuionja wanazungumza juu ya matunda meusi, majani yenye harufu ya pori la pwani, na chumvi kidogo. Divai yao ingine, Montessu, ina jina la makaburi ya kale yaliyochongwa mu jiwe, karibu na Villaperuccio.

Kuko wanaouliza: kwa nini kuchanganya zabibu za Ufaransa, na Carignano yenyewe inatosha? Ninaona swali lao ni la haki, na hata mimi, ningeweza kuchagua, ningechagua chupa ya muchanga safi wa Sant'Antioco. Lakini wale waliokuja na jina kubwa na franga za Toscana hawakuleta muti mupya kuuweka pahali pa ule wa wenyeji. Carignano imebaki mwenye nyumba, wale wengine ni wageni.

Tusidanganyane, shamba la divai haliandiki wafanyakazi kwa maelfu sawa machimbo. Kampuni changa kama hii inalima zaidi ya hekta 60, na kazi nyingi ni ya musimu. Vijana wa Carbonia wangali wanapanda meli na ndege. Ku Sant'Antioco, yale mashamba ya mizabibu isiyounganishwa ni madogo madogo, na wengi wanaoyashika ni wazee. Muzabibu mumoja ukikauka bila mutu wa kukunja tawi la jirani yake, pale panabaki muchanga, na wenye kujenga nyumba za wageni wa bahari wanauangalia ule muchanga kwa macho makali.

Ukifika mwanzo wa Oktoba, utawakuta wameinama mu mistari, kisu kidogo mu mukono, upepo wa kaskazini-magharibi unawapiga mugongoni. Wanakata, wanajaza vikapu, hawasemi mingi. Jioni magari yanapanga foleni mbele ya koperative, kila mumoja na zabibu zake, wanangojea kupimiwa kilo na sukari.