Udongo wa Chini katika Sanduku la Samaki

Wengi waanzao kufuga samaki katika sanduku la kioo huuliza kwanza habari za samaki, kisha za kioo, na mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha, huuliza watandike nini chini. Sisi twaona ya kuwa swali hilo la mwisho ndilo la kwanza, iwapo mtu ataka mimea iishi humo. Samaki huogelea popote penye maji mema. Mmea wenye mizizi hula pale ulipopandwa.

Hapa Bukavu jambo hili liliwagawanya wazazi wa shule yetu. Wengine walitaka fedha zilizochangwa zinunue changarawe ya rangi kutoka Ulaya, ili sanduku la darasa lipendeze kama picha. Wengine walinung'unika, wakitaja watoto wasio na madaftari. Tulipoulizwa shauri hatukuficha neno: changarawe ile yapendeza macho, lakini kwa mmea ni sahani tupu. Baada ya maneno mengi, madaftari yalinunuliwa.

Mtauliza, basi mimea itakula nini? Tazameni udongo mwekundu wa vilima vyetu. Ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano yaliyolika kwa miaka maelfu na maelfu. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Penye hewa kutu hiyo haiyeyuki. Bali udongo ukizama majini na kukosa oksijeni, chuma huyeyuka polepole na mizizi hukipata. Tena mfinyanzi huzishika chembe za chakula zisichukuliwe na maji. Miaka ya 1980 Wajerumani Kaspar Horst na Horst Kipper waliwasifia wafugaji wa samaki udongo mwekundu wa nchi za joto, uitwao lateriti, na watu wa Ulaya wakawa wanaununua dukani. Sisi ndugu yake twamkanyaga kila asubuhi na kumpangusa viatuni! Naye Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alionyesha kwamba udongo wa kawaida, ukifunikwa kwa changarawe, watosha kuilisha mimea.

Lakini si kila udongo ufaao. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii alituletea kikapu cha udongo mweusi wa shamba la migomba, umejaa samadi. Migomba huupenda, samaki, la hasha. Samadi ikioza majini hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na ikikosa hewa hunuka kama yai bovu. Ziwa letu lenyewe latuonyesha jambo hilo. Kina cha Kivu ni kama mita 485, lakini kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni wala samaki. Huko maji yamejaa dioksidi ya kaboni na methani, na sehemu ya methani hiyo hufanywa na vijidudu vya topeni. Hatutaki Kivu ya namna hiyo darasani.

Yafaa basi kuchukua udongo wa chini, usio na mboji, kuukausha, kuuponda na kuuchekecha, kisha kuutandaza unene wa sentimeta mbili au tatu. Vijana, msiuchimbe kwenye mteremko! Mnajua jinsi ardhi ya Funu inavyosogea na kupasua nyumba za watu. Waombeni waashi wanaochimba msingi. Wao hutafuta mahali pa kuutupa.

Juu yake uwekwe mchanga wa mto, sentimeta tatu, ulioshwa mpaka maji yatoke safi. Kabla ya kuuosha, dondosheni juu yake maji ya ndimu. Ukitoa povu, una chokaa ndani yake, kama mchanga wenye vipande vya konokono wa ufukoni, nao utayafanya maji kuwa magumu. Mmea mrefu kama utepe uitwao Vallisneria, uotao hata Tanganyika, hauchukii maji magumu, mingine huyachukia. Anubias ya misitu ya Kongo haihitaji udongo hata kidogo: hufungwa juu ya kipande cha mti, na shina lake likifukiwa huoza.

Samaki nao wachaguliwe kwa kuutazama mchanga. Madume wa jamaa ya Haplochromis wa ziwa letu huchimba mashimo wakati wa kuzaa na kung'oa mimea michanga. Wazungushieni mashina mawe mazito. Sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni samaki wa maji mapana waendao makundi, wabaki ziwani.

Mwisho, maji yamiminwe polepole juu ya sahani iliyolazwa mchangani, udongo usitibuke. Ya bomba yakae kwanza siku nzima katika ndoo wazi, dawa ya klorini ipungue. Mimea ipandwe siku hiyohiyo, na samaki wangoje majuma matatu.