Asubuhi Mlima Mweusi Ulipokuwa Mweupe

Mwanangu, wewe umezaliwa Elerai hii ya mabati na fremu za maduka, kwa hiyo tukitaja baridi ya zamani unadhani tunakuza mambo. Keti nikueleze. Jina lenyewe la mtaa linatokana na mgunga wa gome la manjano, Wamasai huuita olerai, na mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, migunga hiyo ilikuwa bado imesimama kando ya mifereji. Ukiingia mwezi wa saba, jua tulilisahau. Upepo wa kusi hupanda na unyevu wa baharini, ukigonga miteremko ya Mlima Meru unakwama, na wingu linashuka mpaka kwenye mapaa. Siku nne, tano, huoni kivuli chako. Manyunyu yale hayakunufaisha shamba, lakini kuni ziligoma kushika, nguo hazikukauka, na nyumba nzima ilinuka moshi, mtindi na mbuzi, maana mbuzi tulilala nao.

Bibi, ambaye tulimwita koko, hakuturuhusu kwenda shule bila loshoro ya moto. Mwaka ule ilipikwa kwa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje, kwani njaa ilikuwa imeingia nchini na redioni Mwalimu Nyerere alihimiza kilimo. Njiani alikaa mama mmoja wa maandazi, uso mpana, kope zimejaa majivu ya jiko. Andazi senti ishirini, ile sarafu yenye picha ya mbuni. Nililihamisha kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka lipoe kabisa, ndipo nikala. Moto wake nilikuwa nimeulipia pia.

Basi alfajiri moja wingu likafunuka, na kilele cha Meru kilikuwa cheupe. Koko alisimama mlangoni amejifunika shuka, akatazama bila kusema neno. Mlima huo Wamasai huuita Oldoinyo Orok, mlima mweusi, na mimi nilikuwa sijapata kuuona hivyo. Mwalimu wetu wa jiografia alitutoa nje darasa zima. Hapa tuko mita 1,400 hivi, akasema, na kilele kiko mita 4,566. Kila mita elfu moja ukipanda, joto hupungua nyuzi kama sita. Alituachia hesabu tuifanye wenyewe mchangani kwa vijiti. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, theluji yake hukaa. Ya Meru huja kama mgeni wa njiani. Saa sita mchana mlima ulikuwa mweusi tena, na wale waliochelewa kuamka walitubishia.

Tangu siku ile nimeiona theluji ya Meru mara nne tu, na zote asubuhi. Kwa hiyo, mwanangu, Julai ijayo usingoje jua likuamshe. Toka nje kungali na umande, utazame kaskazini.