Mtoto atamwambia nani?

Katika kijiji ninachofundisha, mkoani Tanga, simu janja ni moja kwa nyumba na watu hupokezana kama jembe. Asubuhi baba anaulizia bei ya machungwa, jioni mama anaongea na ndugu zake walioko Dar es Salaam, usiku mtoto anapewa aangalie kazi ya shule. Ndiyo maana ule ushauri wa kuandika umri sahihi wa mtoto kwenye akaunti kwetu hauna pa kushika. Akaunti ni ya mama, umri ni wa mama, anayechati ni mtoto wa darasa la sita.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alianza kuandikiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa yuko kidato cha kwanza. Maneno matamu, vocha kidogo, kisha ombi la picha. Binti akatuma ya kawaida, amevaa sare. Kesho yake yule mtu akataka nyingine, ya faragha, na kumtisha kwamba asipotuma ataunganisha sura yake na mwili wa mtu mwingine na kuisambaza kwenye kundi la wazazi.

Siku nne hakumwambia mtu. Alipofungua kinywa alimwambia bibi yake, ambaye hata kuiwasha simu hiyo hajui. Nilimuuliza kwa nini bibi. Akajibu, "Bibi hachapi. Na hawezi kuninyang'anya simu, si yake."

Tangu hapo nimebadilisha somo. Zamani, kama walimu wengi, nilianza na makatazo: usiongee na usiowajua, usitume picha. Ni kweli yote, lakini mtoto ambaye ameshatuma akisikia hayo anaona mkosaji ni yeye, na anayemtisha anaponea kwenye ukimya huo. Sasa naanza na swali: likikupata, utamwambia nani? Kila mtoto anaandika watu wazima wawili. Wapo wanaokosa hata mmoja, na hao ndio ninaokaa nao baada ya kipindi.

Bibi alikuja shuleni na simu ameifunga kwenye pindo la khanga. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mwanangu," akaiweka mezani kama kitu kinachouma. Hatukufuta chochote. Tulihifadhi ujumbe wote pamoja na namba, hatukujibu hata neno, ndipo tukaifungia namba hiyo. Kisha mama wa mtoto akaenda nayo polisi, dawati la jinsia na watoto. Asiye na njia ya kufika huko apige 116, namba ya msaada kwa watoto, haitozwi. Na kwenye WhatsApp ni kazi ya dakika mbili: chagua picha yako ionwe na uliowahifadhi tu, na ni wao tu wanaoweza kukuingiza kwenye makundi.

Kwa walimu wenzangu nina neno. Picha chafu ya mtoto ikikufikia, usiirushe kwenye kundi la walimu eti "tumtambue". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kusambaza picha za ngono za watoto, na sijaona mahali inapomsamehe mwalimu. Hata zile za mahafali tunazobandika mitandaoni, zenye jina kamili la mtoto na la shule, zinamrahisishia kazi anayewinda.

Kwenye kikao cha wazazi mwezi uliopita nilipewa dakika ishirini baada ya hoja ya chakula cha mchana. Nikawaomba jambo moja: mtoto akisema, siku hiyo asichapwe wala asinyang'anywe simu. Baba mmoja akasimama. "Mwalimu, hata kama amejitakia mwenyewe?" Kinamama wa nyuma wakamjibu kabla yangu, wote kwa pamoja, mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha. Tumepanga kuendelea Jumamosi ijayo, na safari hii mabibi wamealikwa.