Kipindi Nilichokitoroka

Nilifika umri wa miaka 20 kabla ya kudaka mpira hata mara moja. Usinicheke. Katika shule yetu ya msingi, wilayani Murang'a, kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwa kwenye ratiba ya ukutani tu. Saa yake ikiwadia, mwalimu aliingia na kitabu cha hesabu, nasi tukainamisha vichwa. Nyumbani nako mama, mtu wa kanisa hasa, alishikilia kuwa msichana arukaye-rukaye hana adabu.

Mnamo 1988 nilijiunga na chuo kimoja cha ualimu magharibi mwa nchi kusomea cheti cha P1. Lo! Huko nilikuta mambo. Mwalimu wa shule ya msingi alitarajiwa kufundisha karibu kila somo, mazoezi ya viungo yakiwemo. Asubuhi umande haujakauka, mkufunzi alipuliza filimbi nasi tukatoka kwa kaptura na raba. Nilikuwa mnene, na kaptura ile niliivuta chini kila hatua. Kwa majuma mawili nilisingizia kuumwa na tumbo.

Mkufunzi wetu, mama wa makamo, hakunigombeza. Aliniita kando akasema, "Binti, siku si nyingi utakuwa na watoto 40 uwanjani. Utawafunza kuumwa na tumbo?" Nilicheka kwa aibu, nikaingia uwanjani.

Tulianza na netiboli. Sheria moja ya mchezo huo ndiyo iliyonikomboa: ukishika mpira huruhusiwi kukimbia nao, na sharti uutoe kabla ya sekunde tatu kupita. Mimi nisiyekuwa na mbio niligundua kuwa jicho nalo lina kazi yake. Nani yuko wazi? Nani amezibwa? Kabla ya muhula kwisha, wenzangu walikuwa wakilitaja jina langu wanapogawana timu, na si kwa kunionea huruma.

Kisha ikaja zamu ya ngoma. Wenzetu wa Kakamega walitufunza isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiorodhesha kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu zilipolia pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, mabega ya wenzangu yalitetema. Yangu yalikaa kama gogo. Wiki iliyofuata ingekuwa likizo, na tulipofungua, sisi wa Mkoa wa Kati tungefunza mwomboko, ile ngoma ya wawili wawili inayochezwa kwa kodiani na chuma cha duara kinachogongwa. Nami nilikuwa nimeiona kwa kuchungulia tu!

Likizoni nilijificha nyuma ya ghala nikifanya mazoezi peke yangu. Siku moja niligeuka nikamwona mama amesimama na kikapu mkononi. Moyo ulinipasuka. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mguu wako wa kushoto unachelewa." Akaweka kikapu chini, akanishika mkono. Hatukulizungumzia jambo hilo tena hadi alipofariki, lakini mwomboko niliupata kwake.

Ningependa kukuambia kuwa nilitoka chuoni nikayashika hayo yote. La hasha. Nilianza kazi mwaka wa 1990, na miaka ya kwanza nilipuliza filimbi kwa bidii. Halafu nikapewa darasa la nane. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, haukuuliza mtoto kama anaweza kudaka mpira. Wazazi walitaka alama, mwalimu mkuu alitaka alama, nami nikatwaa kipindi cha viungo nikafundisha hesabu. Nilikuwa mwalimu yule yule wa utotoni mwangu.

Darasani mlikuwa na msichana mmoja aliyekuwa nyuma kwa hesabu, lakini uwanjani wenzake walimfuata kama vifaranga. Nilipofunga uwanja, alianza kukosa siku moja kwa juma, kisha tatu. Muhula wa pili hakurudi. Nyumbani kwao mlikuwa na dhiki, kwa hivyo sisemi ni netiboli pekee iliyomwondoa. Ila najua kwamba kulikuwa na saa moja ambapo mtoto yule alijiona ana thamani shuleni, nami nikaichukua bila kumwuliza.

Ndiyo maana hadi leo, nikikaribia kustaafu, sikubali mwalimu mwenzangu aniombe kipindi hicho "mara moja tu". Vijana huniona mkaidi. Na waone. Filimbi hulia, watoto hutoka mbio, nami huwatazama wale wanaobaki nyuma wakivuta kaptura zao chini.

Mzazi unayesoma ukurasa huu, jioni ya leo mwulize mwanao: juma hili mlicheza mchezo gani? Akikosa jibu, nenda shuleni ukaulize kwa upole kipindi hicho kilienda wapi. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nilikunjwa nikiwa na miaka 20, na mguu wa kushoto ungali unachelewa.