Mtutu wa Mlango wa Zizi

Nyumbani kwetu, si mbali na Moba, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, mlango wa zizi la mbuzi ulikuwa ukifungwa kwa mtutu wa bunduki. Tako lake lilikwisha kuliwa na mchwa zamani, na mtambo wake haujulikani ulikokwenda. Ulibaki mtutu peke yake, mwekundu kwa kutu. Wadogo zangu walikuwa wakiupuliza mdomoni, nao ukalia kama chupa tupu.

Babu alitusimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa jeshi la Wabelgiji katika vita vya Wadachi, na ya kuwa siku mji wa Tabora ulipotwaliwa, tarehe 19 Septemba 1916, alimnyang'anya askari wa Kidachi bunduki ile, akaja nayo nyumbani. Hakuna arusi kwetu isiyosikia hadithi hiyo. Mimi nami niliisimulia darasani, tena nikiongeza chumvi kidogo. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema kila ukoo wa huku una Mdachi wake. Neno hilo liliniuma. Likizo ilipofika nikamwomba babu ruhusa ya kuuchukua mtutu, ili niwafunge wote midomo.

Mwalimu wetu wa fizikia alipouona hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliuliza kwanza, "Umetazama kama una kitu ndani?" Nikajibu kwamba hiyo ni komeo la mbuzi. Hakunisikiliza. Nyuma mtutu ulikuwa umezibwa kwa chuma kilichokazwa kwa parafujo, na ubavuni, karibu na kizibo, palikuwa na tundu dogo la kupitishia moto. Akatia kijiti kirefu kwa mbele, akakiwekea alama, kisha akakilaza nje kando ya mtutu. Kijiti kilikuwa kimekwama sentimita 8 kabla ya kufika tundu.

Nilisikia baridi mgongoni. Bunduki ilikuwa imejazwa. Nikawakumbuka wadogo zangu wakipuliza.

Tuliulaza ndani ya pipa la maji siku nne, kwa maana baruti nyeusi ikilowa haiwaki, lakini ikikauka yaweza kuwaka tena. Ndipo mwalimu akachokonoa polepole kwa waya uliopindwa ncha, nasi tumesimama mbali kwa amri yake. Zikatoka nyuzi za magome zilizooza, kisha vipande vidogo vya chuma, kisha nyuzi tena, mwisho tope jeusi. Risasi ya duara haikuwamo. Tope lile lilimwagwa shimoni pamoja na maji.

Baada ya hayo tuliusugua kwa mafuta ya taa, tukamulika ndani kwa tochi. Hapa ndipo hadithi ya babu ilipoanza kuumwa. Bunduki waliyokuwa nayo askari wengi wa Wadachi vita vilipoanza mwaka 1914 ni Mauser ya 1871. Tundu la mtutu wake ni milimita 11, risasi yake huingizwa kwa nyuma, na ndani mna mifereji 4 inayojipinda ili risasi itoke ikizunguka. Mtutu wetu ni laini ndani kama bomba la maji, upana wake milimita 17, na hujazwa kwa mbele. Ni gobori, tena gumegume, lile la jiwe la kuwashia, kwa sababu tundu lake halina mahali pa kuvalisha fataki.

Chini ya kutu, karibu na kizibo, tukaona chapa: umbo la yai, na ndani yake herufi E, L, G na nyota. Hiyo ni chapa ya Liège katika nchi ya Ubelgiji, ambako kila mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Tangu mwaka 1893 juu ya yai hilo huwekwa taji. Nilitafuta taji kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakatoka machozi. Hakuna. Basi mtutu wetu ulijaribiwa kabla ya mwaka huo.

Liège iliuza magobori mengi sana kwa ajili ya biashara ya Afrika. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliokataza bunduki zenye mifereji zisiletwe huku, uliyaacha magumegume laini yaendelee. Na katika miaka ile ile ufuo wetu huu ulikuwa na vita vyake. Kapiteni Joubert, Mfaransa, alifika Mpala mwaka 1887, akawapa watu bunduki wazilinde misheni na vijiji. Upande wa pili walikuwapo wenye misafara, waliowafunga watu kamba na kuwavusha ziwa. Gobori la Liège laweza kuwa la mlinzi, au la mfunga watu, au la mwindaji wa tembo. Laweza pia kuwa lilifika Tabora mkononi mwa msaidizi wa Wadachi aliyekosa Mauser. Chapa hutaja mji uliojaribu chuma, haitaji aliyekibeba.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Nilimweleza babu yote, hata habari ya wafunga watu. Alinyamaza kitambo, akivuta kiko chake, kisha akauliza, "Huyo aliyeijaza, hakupiga?"

"Hakupiga, babu."

"Na watoto walikuwa wakipuliza."

"Ndiyo, babu."

Hakusema tena. Kesho yake alikata mti wa mninga akachonga komeo jipya. Mtutu umebaki shuleni, katika kabati la fizikia, tundu lake limezibwa. Babu alikuja siku moja ya Jumapili baada ya misa kuitazama ile chapa kwa kioo. Mwezi uliopita, katika arusi ya shangazi, alisimulia tena safari ya Tabora: mizigo, njaa, mvua, wenzake waliokufa njiani. Alipofika mahali pa yule Mdachi, alikunywa maji, akaendelea na safari ya kurudi.