Kutaka na Kwenda

Katika mji wa Mpwapwa, chini ya milima ya Kiboriani, aliishi mwalimu mstaafu ambaye majirani walimwita Mwalimu wa Kifaransa, ingawa kazi yake ya maisha ilikuwa kufundisha hesabu. Kifaransa alikipata ujanani Dar es Salaam, katika masomo ya jioni ya mwaka mmoja, akarudi nacho nyumbani pamoja na kitabu cha sarufi kilichochakaa. Kwa miaka mingi lugha hiyo haikumfaa kwa lolote. Treni zilizosimama Gulwe zilikwenda hata Kigoma, na mara moja moja zilichukua watu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa. Lakini waliponunua karanga dirishani walisema Kiswahili kama abiria wengine.

Siku moja, zama ambazo simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko, bibi mmoja wa Kigogo alimjia na bahasha tupu. Mwanawe alikuwa amefariki Brussels, akaacha binti mmoja kwa mama wa Kibelgiji, na binti huyo hakujua Kiswahili wala Kigogo. Bibi aliketi juu ya kigoda akasema aliyotaka yaandikwe: kwamba mvua zimekuwa haba, kwamba kaburi la babu limejengewa, na kwamba, “Mimi ni mzee, nataka kufa. Nataka kumwona.”

Mwalimu aliandika kama alivyosikia. Nataka kukuona: “je veux te voir”. Nataka kufa: “je veux mourir”. Kwa kanuni za kitabu chake sentensi zote mbili zilikuwa safi. Vitenzi kama “vouloir”, yaani kutaka, “pouvoir”, kuweza, na “devoir”, kupaswa, hufuatwa na kitenzi-jina pasipo neno la kuviunga. Cha kwanza hubeba nafsi na wakati, cha pili hukaa kama kilivyozaliwa. Hata neno la mtendwa lilikaa mahali alipolitazamia, mbele ya kitenzi cha pili, kwa kuwa Mswahili naye asemapo “nataka kukuona” hulitia hapo hapo. Mwalimu alifunga bahasha kwa furaha ya mtu ambaye chombo chake cha kale kimepata kazi.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili, na lilijaa hofu. Mjukuu aliuliza ni nani aliyemuudhi bibi yake hata akatamani kufa, na kama yuko mtu anayelala naye nyumbani usiku. Mwalimu aliisoma barua peke yake, jasho likamtoka.

Kosa halikuwa katika kanuni. Lilikuwa katika kutaka. Mswahili husema mti unataka kuanguka, mvua inataka kunyesha, na hakuna adhaniaye kwamba mti una tamaa. Kutaka huko ni kukaribia. Wataalamu wa lugha huongeza kwamba ndiko kulikozaa -ta- ya wakati ujao: “atakuja” asili yake ni “ataka kuja”, na mzizi wake ungali unaonekana mzima katika “atakayekuja”. Mfaransa kwa jambo lililo karibu hataki, yeye huenda. “Je vais mourir”, nakwenda kufa, ndiyo sentensi iliyopaswa kuandikwa. Wakati wake ujao mwingine aliujenga kwa kuwa na kitu: katika “parlerai”, nitasema, kitenzi-jina “parler” kimeshikana na “ai”, nina. Na ajabu ni kwamba kwa jambo lililokwisha punde lugha hizi mbili hukutana tena, maana Mfaransa asemaye “je viens de manger” na Mswahili asemaye “natoka kula” wametokea mlango mmoja.

Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyefika pwani hii mwaka 1879, alichapishiwa Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa katika 1939 na 1941. Kitabu hicho hakikuwamo nyumbani mwa Mwalimu. Lakini hata kama kingalikuwamo, je, angalikifungua kutafuta neno “taka”? Neno tulijualo tangu utotoni ndilo tusilolitafuta.

Mwisho wa barua mjukuu aliandika: “Je voudrais venir te voir. Je devrais pouvoir venir l'an prochain.” La kwanza lilikuwa jepesi: ningependa kuja kukuona. La pili lilikuwa vitenzi vitatu vilivyopangana kama ng'ombe njiani, na wa mbele ndiye mwenye mashaka. “Devoir” ina nyuso mbili, wajibu na yamkini. Na katika umbo hili la masharti haikuahidi neno. Mwakani yaelekea nitaweza kuja: hayo ndiyo yaliyokuwamo, wala si zaidi.

Mwalimu alijua kwamba bibi angefurahi kusikia neno moja tu, “atakuja”. Alijua pia kwamba kwa neno hilo bibi angeweka mbuzi asiuzwe, na kila vumbi la basi lingemtoa nje. Alilala usiku mmoja na barua ile. Asubuhi alimwendea akamsomea kila neno kwa uzito wake.

“Atakuja au haji?” bibi aliuliza.

“Hakusema atakuja, bibi. Amesema mwakani yamkini ataweza.”

Bibi alinyamaza, akitazama mlimani. Kisha akauliza mbona mtoto anaulizia walalao nyumbani. Hapo Mwalimu aliungama kosa lake: kwamba alimwandikia mjukuu ya kuwa bibi yake anatamani kufa. Bibi alicheka hata akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

“Nani atamani kufa, na mjukuu hajaja? Andika tena.”

Mwalimu alichukua kalamu. Alifikiri kwanza kuandika “je vais mourir”, akasita, kwa kuwa ukweli huo nao ungemtisha mtoto. Akauliza aandikeje.

“Mwandikie kwamba namngoja,” alisema bibi. “Na mwandikie, sitaki kufa.”

Hapo hapakuwa na maana mbili katika lugha yoyote. Mwalimu aliandika “je ne veux pas mourir”, akaweka “ne” na “pas” huku na huku ya kutaka, akamsomea bibi kwa Kifaransa, naye bibi akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.